Ufunguo wa Chumba Namba Sita

Jumatatu, 24 Novemba

Ploti nne za vyumba vya kupanga leo. Jozi mbili za wapimaji. Matokeo yale yale.

Nimechoka kuyaandika kwenye fomu kwa lugha ya ofisi, acha niyaandike hapa kwa lugha yangu. Tunatuma mpimaji mmoja akaulize chumba cha kukodi. Kesho yake tunatuma mwingine. Kazi sawa, mshahara sawa, shati limepigwa pasi sawa. Kinachotofautiana ni jina tu. Wa kwanza anaambiwa pamejaa. Wa pili anaambiwa karibu, utahamia lini? Huu ni mwaka wa sita nikithibitisha kitu ambacho kila mtu Kitale anakijua na hakuna anayetaka kukisema.

Kila kabila lina upande wake hapa. Upande huu wa reli, mtaa wa Mikeu, ni sisi Wabukusu. Ng'ambo ya reli ni Wasabaot, walioshuka mlimani. Kule juu ni Wakikuyu, na huko mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa pamejaa huku vyumba vitatu viko wazi, milango imeachwa wazi rangi ikauke. Shule zinafuata nyumba. Mtoto wa Mikeu anasoma na watoto wa Mikeu mpaka anamaliza, na hajui jina la mtoto hata mmoja wa ng'ambo. Reli yenyewe sijaona treni ikipita hapo, lakini kugawa inagawa.

Magoti yanauma. Nilitembea sana.

Jumanne, 25 Novemba

Chemtai alikuja ofisini tena. Ni fundi wa nguo, anakaa ng'ambo ya reli, Msabaot, mume alienda zake. Ana binti mmoja, Faith, miaka saba. Faith hasikii.

Shule ya Mikeu ndiyo pekee tunayoijua hapa mjini yenye mwalimu wa lugha ya ishara kwa watoto wa kutwa. Mwalimu mkuu hana neno baya kwa mtu. Anasema tu kwamba nafasi ni za watoto wa mtaa, kwa hiyo mzazi alete barua ya mzee wa nyumba kumi kwamba anaishi Mikeu. Uandikishaji unafungwa Jumatano, tarehe kumi Desemba. Bila chumba hakuna barua, na bila barua hakuna shule. Inabaki shule ya bweni huko Bungoma, ya watoto wasiosikia. Chemtai hataki hata itajwe.

"Akiota vibaya usiku hawezi kuita mtu. Nani atajua?" Ndivyo alivyoniuliza.

Ameshazunguka ploti tano za Mikeu. Zote zimejaa, ati. Nilimwambia atulie, tunalishughulikia.

Faith alikuwa amesimama kando ya mashine yetu ya kuchapisha, kiganja juu yake, akiisikiliza inavyotetemeka. Nilichapisha karatasi tatu ambazo sizihitaji ili aendelee kucheka.

Jumatano, 26 Novemba

Mkutano wa shirika letu la kupinga ubaguzi wa kupangisha. Mkurugenzi anataka kesi moja iliyonyooka ya kupeleka kwa wakili. Moja tu, isiyo na mashimo. Nilisema nitaipata kabla ya Krismasi. Kwa nini nilisema hivyo mbele ya watu? Kwa sababu napenda kusema.

Akarudia masharti yake ya upimaji, kama baba anayewahesabia watoto makatazo ya nyumbani: mpimaji haombi kuwekewa chumba, hakubali chumba, hagusi ufunguo. Anauliza, anajibiwa, anaondoka. Mimi huyu mzee namheshimu, lakini masharti yake ni ya mtu ambaye hajawahi kuitwa mwongo na mwenye ploti. Wanatugeuka kila mara. Tukisema ulimkataa fulani na ukamkubali fulani, anasema sikumkubali yeyote, tulisalimiana tu.

Jumanne, 2 Desemba

Chumba namba sita kimeachwa wazi kwa Mama Nasimiyu. Ploti yake ina vyumba vinane, maji ndani ya ua, dakika nne kwa mguu hadi shule ya Mikeu. Mjane, Mbukusu mwenzangu, anatoka upande wa Ndalu. Hajawahi kupangisha Msabaot.

Nilimtuma Chesebe, mpimaji wetu Msabaot. Alisalimiwa vizuri, akapewa kiti. Alipotaja jina lake, Mama Nasimiyu akakumbuka kwamba chumba kina mtu.

Sikumwambia Chemtai kwamba kuna chumba. Nilifikiria kumwambia. Nikaona atakataliwa tu, na atatuharibia upimaji.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo zamu ya Wanjala, wa kwetu, kijana msafi mwenye ulimi mtamu. Nilimvuta kando kabla hajaondoka. Nikamwambia: akikukubali, usiishie hapo. Sema unahamia Jumamosi. Mwombe ufunguo.

"Si Mkurugenzi alikataa mambo ya ufunguo?" akauliza.

Nikamwambia mkubwa wako leo ni mimi.

Alirudi saa sita akiwa na ufunguo mkononi, umefungwa uzi mwekundu, na kibati kimechorwa sita. Hakuulizwa hata kitambulisho. Aliulizwa tu kwao ni wapi. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu. Nani atatuita waongo sasa? Nimeupiga picha juu ya karatasi nyeupe, mbele na nyuma. Uko mezani kwangu.

Wanjala aliuliza lini ataurudisha. Nilimwambia atulie.

Ijumaa, 5 Desemba

Siku kubwa.

Chemtai aliingia mbio saa nane na Faith mkononi. Alisikia habari za chumba namba sita kutoka kwa mteja wake, akaenda mwenyewe, bila sisi. Alikuta Mama Nasimiyu akipukuchua mahindi kwa mashine uani. Akaomba chumba. Akataja jina lake lote, hakuficha. Jibu: "Nyumba iko na mtu. Nimeshapeana ufunguo. Lakini rudi Jumatatu asubuhi. Huyo kijana asipohamia, akirudisha ufunguo, nakupea wewe."

Chemtai anauliza: nirudi?

Nilimwambia asirudi. Nilimweleza kwa upole, kama mwalimu. Rudi Jumatatu ni dawa ya kumfukuza mtu bila kelele, nimeisikia mara mia. Watakuzungusha Jumatatu, Jumatano, hadi tarehe kumi ipite. Na ukirudi ukaongea naye tena, wakili wake atasema mlikuwa bado mnaelewana. Tulia. Mambo ni yetu sasa.

Nakiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma: aliposema amekataliwa, moyo wangu uliruka kwa furaha. Shahidi wa tatu! Na si mpimaji, ni mtu wa kweli, mama wa kweli, na mtoto asiyesikia. Nilikuwa na huzuni usoni kama inavyotakiwa. Ndani nilikuwa nasherehekea.

Tukiongea, Faith aliuchukua ufunguo mezani. Akauweka juu ya karatasi akauzungushia penseli, meno yote, hadi tundu la uzi. Alichora vizuri sana. Kisha akauingiza kwenye mkono wangu uliokunjwa, akauzungusha kana kwamba mimi ni mlango. Niliuchukua kwake taratibu, nikaufungia droo. Ushahidi hauchezewi.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimeshinda ofisini nikiandika ripoti. Kurasa tisa. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi. Maneno ya "rudi Jumatatu" nimeyapeleka chini kabisa, pamoja na mengine ya pembeni.

Wanjala alipiga simu. Mama Nasimiyu amempigia mara mbili kuuliza kama amepata gari la kubeba vitu. Nilimwambia asishike simu yake.

Jumatatu, 8 Desemba

Barua ya wakili imefika kwa Mama Nasimiyu saa nne asubuhi, na nakala kwa chifu. Nilikuwa pale barabarani, nikijifanya nachagua nyanya. Niliona tarishi akiingia. Mama Nasimiyu alitoka akiwa amevaa leso safi, akitabasamu, kama anayetarajia mgeni. Kisha akaona bahasha.

Chemtai alipiga simu saa moja asubuhi, kabla ya hayo yote. Amevaa, Faith amevaa, waende? Nikasema hapana.

Lile tabasamu limenisumbua mchana wote. Sijui kwa nini.

Jumatano, 10 Desemba

Uandikishaji wa shule umefungwa. Nilimwambia Chemtai asiogope, chifu akishasema, mwalimu mkuu atampokea Faith hata akichelewa. Baraza la chifu ni kesho. Nimeweka ufunguo kwenye mkoba. Nimepiga pasi ile sketi ya bluu.

Alhamisi, 11 Desemba

Niandike yote kama yalivyokuwa, nisijipendelee.

Watu walijaa ofisi ya chifu hadi nje. Nilizungumza kwanza. Nilisema vizuri, wengine wakaguna kwa kukubali. Nilimtaja Chesebe aliyekataliwa. Nilimtaja Wanjala aliyepewa ufunguo bila kuulizwa kitambulisho. Kisha nikamtaja Chemtai, na nikamwonyesha Faith pale kwenye benchi. Nikaketi.

Mama Nasimiyu akasimama. Hana wakili, hana karatasi. Mkono wake wa kushoto una kovu refu la moto. Walichomewa nyumba zamani akiwa msichana, wakati watu wetu na Wasabaot walipogombania mashamba. Kila mtu hapo anajua, kwa hiyo hakulisema.

Alisema yule kijana wa kwanza alimkosea. "Hiyo nakubali. Nilisikia jina nikaogopa. Mungu anisamehe." Mimi nikaona tumeshinda.

Akaendelea. "Lakini huyu mama mimi sikumfukuza. Mtoto wake aliweka mkono kwa mashine ya mahindi, akaanza kucheka. Mahindi inaruka kwa nywele yake, yeye anacheka tu. Nikasema moyoni, huyu akae hapa. Lakini ufunguo ilikuwa imeshatoka, na kwangu ufunguo ikitoka, nyumba imetoka. Siwezi kupea watu wawili nyumba moja, hiyo si utu. Nikamwambia rudi Jumatatu. Jumatatu nikaamka, nikafagia chumba, nikaweka chai. Kitu ilikuja ni barua."

Kisha akamgeukia Wanjala. "Wewe kijana, nilikupigia simu siku tatu. Si ungesema tu hutaki nyumba? Ufunguo yangu iko wapi?"

Wanjala aliniangalia mimi. Watu wote wakaniangalia mimi. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu, na nilikuwa nimepanga kuutoa mwenyewe mwishoni, kwa mbwembwe, niuinue juu waone. Niliutoa. Uzi mwekundu. Sikuuinua popote.

Kwa hiyo chumba kilikuwa wazi. Kilikuwa wazi Ijumaa saa nane, Chemtai alipokuwa amekaa mbele yangu. Ufunguo wake ulikuwa mkononi mwa binti yake, na mimi nikamnyang'anya nikaufungia droo.

Nilimtafuta Chemtai kwa macho. Alikuwa anamfunga Faith kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Bendera kila mahali. Sikutoka nyumbani.

Jumatatu, 15 Desemba

Wakili amejitoa. Anasema kesi ina shimo ambalo lori linaweza kupita, na shimo lenyewe tumelichimba sisi.

Mkurugenzi hakunifokea. Ningependa afoke. Alisoma ripoti yangu yote, kurasa tisa, akafika pale chini nilipoficha "rudi Jumatatu", akaweka kidole hapo na hakukiondoa. Akauliza, "Hii ulikuwa unaijua?" Nikasema ndiyo. Akasema tangu leo mimi situmi mpimaji tena. Nikasema ndiyo.

Nilienda kwa mwalimu mkuu wa Mikeu kumsihi. Darasa limejaa, na safari hii ni kweli, alinionyesha daftari. Nilienda kwa mzee wa nyumba kumi. Anasema hataandika barua kwa mgeni yeyote mpaka apate mtu wa mtaa wa kumdhamini. Wenye ploti wamekutana Jumapili baada ya kanisa wakakubaliana hivyo. Hawajui tena nani ni mpangaji na nani ametumwa. Zamani mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli moja. Mimi nimewaongezea la pili.

Jumatano, 17 Desemba

Nilienda kwa Mama Nasimiyu kuomba msamaha na kurudisha ufunguo. Nilienda peke yangu. Nilipiga hodi nikajibiwa, nikapewa kiti kile kile alichopewa Chesebe, nadhani.

Niliomba msamaha kwa Lubukusu. Nikaona hata hiyo ni hila, ya kumkumbusha kwamba mimi ni wa kwao, nikamalizia kwa Kiswahili.

Alinisikiliza. Alisema jambo lililomuuma si kuitwa mbele ya chifu. Alijikaza mwenyewe kumkaribisha mtu wa mlimani, baada ya miaka yote hiyo, na hakuna aliyeona. Wapangaji wake sasa wanamcheka, wanamwambia ulitaka kutuletea hao na wakakushtaki. Kaka yake ametoka Ndalu kuja kumwambia maneno hayo hayo.

Nilimwomba ampe Chemtai chumba sasa. Hata leo.

"Hapana, mwanangu. Nimechoka na mambo ya watu." Akanionyesha. Namba sita imejaa magunia ya mahindi hadi dirishani.

Niliuweka ufunguo mezani. Akausukuma ukarudi kwangu. "Kaa nayo. Nishabadilisha kufuli."

Ijumaa, 19 Desemba

Nimemwambia Chemtai. Alikuwa barazani, alisikia yote, lakini kuna jambo hakulisikia: kwamba nilijua kuna chumba tangu Jumanne ile na sikumwambia. Na kwamba aliposema amekataliwa, nilifurahi. Kwa nini nilimwambia na hili la pili? Nilitaka anitukane, nadhani. Nilitaka nitoke pale nikiwa nimelipa kitu.

Hakunitukana. Aliendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Ile siku ufunguo ilikuwa hapo kwa meza," akasema. "Si ungenipea tu?"

Nimekaa na swali hilo tangu saa tano. Si ningempa tu.

Alhamisi, 25 Desemba

Nyumbani Bumula. Kuku wawili, chapati, watu wengi. Mama amezeeka lakini macho bado makali. Aliniuliza kama huko ninakokaa kuna usalama. Nikasema upo. Akauliza, "Mko watu wetu?" Nikasema ndiyo, mama, ni sisi watupu. Akashukuru Mungu, akaniongezea nyama.

Ni kweli. Nimehesabu majirani zangu nikiwa nimelala. Wafula, Simiyu, Nafula, mwalimu Barasa na mkewe. Ninakaa upande wa pili wa mji, mbali na Mikeu, na ni yale yale. Siku niliyoomba chumba mwenye ploti aliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Bumula. Akacheka, akaniambia yeye ameoa Bumula, akanipa ufunguo siku hiyo hiyo. Sikuona ubaya. Niliona ni bahati. Miaka sita natoka kwenye nyumba hiyo kila asubuhi kwenda kuwaambia wengine wafungue milango.

Jumatatu, 5 Januari

Shule zimefunguliwa. Tumempeleka Faith Bungoma. Nasema tumempeleka kwa sababu Chemtai alihitaji mtu wa kubeba godoro, na mimi nikajitolea, na hakukataa. Sanduku la bati, beseni, godoro limekunjwa kwa kamba. Faith alifurahia safari. Alidhani tunahamia huko sote watatu.

Langoni alielewa. Sitaki kuandika uso wake.

Chemtai na binti yake wana ishara zao za nyumbani, za chakula, kulala, mvua, njoo hapa. Hawana ya nitarudi. Hawajawahi kuihitaji. Mwalimu alimfundisha Chemtai pale pale langoni, akaifanya, akaikosea, akaifanya tena. Faith hakuijua. Akawa anamwangalia mama yake akirusha mikono, akilia.

Jumamosi, 31 Januari

Siku ya wazazi kutembelea watoto. Chemtai ana sare za kwaya za kumaliza, hakuweza kwenda. Jana alinipigia simu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya langoni. Ameshona gauni. "Mpelekee. Na umwangalie kama amekonda."

Hajakonda. Amerefuka, au ni nywele. Mwanzoni alinipita, akamtafuta mama yake nyuma yangu, kisha akarudi. Nilimwonyesha gauni. Akalinusa kwanza, ndipo akalivaa juu ya sare.

Mikono yake sasa haikai. Anaongea na kila mtu, wasichana wanne wanamzunguka, wanabishana, wanachekana. Sikuelewa hata neno. Mwalimu alinieleza kwamba hapa kila mtu hupewa jina la ishara, kutokana na jambo ambalo watoto wameliona kwake. Akanionyesha kwa kidole, mmoja mmoja. Huyu ni Mwanya. Huyu ni Kofia. Huyu ni Anayelala Darasani. Faith ni Mkono Mashineni, kwa sababu anaenda kuugusa mtambo wa maji kila siku. Nilimuuliza mwalimu yule Mwanya anatoka wapi. Mwalimu alilazimika kufikiri. Hakuwa na hakika.

Kisha Faith akawaonyesha wenzake mimi. Akafanya ishara moja, kidole kilichokunjwa ndani ya kiganja, kinazunguka. Wale wanne wakaifanya pia, wakiniangalia.

"Amekupa jina," mwalimu akasema. "Mwenye Ufunguo. Ni jina zuri, au siyo?"

Nikasema ni zuri. Nikauliza kama watoto hubadilisha majina haya baadaye. Mwalimu akasema ni nadra sana. Likishashika limeshika.

Nilikaa hadi saa tisa. Alikula chapati mbili kati ya tatu, ya tatu akaifunga kwa karatasi akanipa, akaonyesha upande wa barabara. Ya mama yake. Nilimpelekea Chemtai jioni. Aliuliza kama amekonda, nikasema hapana, akaila chapati akiwa amesimama mlangoni. Nikamfundisha tena ishara ya nitarudi, ile aliyoikosea langoni, niliyomwomba mwalimu anirudie hadi nikaishika. Ile nyingine, ya jina langu, sikumwonyesha.

Ufunguo bado uko kwenye mkoba wangu, na uzi wake mwekundu. Nimejaribu jina langu hapa mezani, kidole ndani ya kiganja. Si gumu.